Chini ya Ufizi: Kumbukumbu ya Matibabu ya Meno Karama

Kusafisha meno kwa kina ni matibabu ya ugonjwa wa fizi uliokwisha kushuka chini ya ukingo wa ufizi na kuanza kula mfupa unaoshika meno. Daktari hupitisha vifaa vyembamba kati ya ufizi na jino, akaondoa ukoga ulioganda kwenye mzizi pamoja na utando wa bakteria uliojijenga juu yake, ili ufizi utulie na kulishika jino upya. Hakuna kukata wala kushona. Usafishaji wa kawaida, ule wa kila miezi sita au kila mwaka, hushughulikia zaidi sehemu ya jino inayoonekana. Huu wa kina huufuata ugonjwa mahali ambapo macho ya mgonjwa hayafiki.

Makala hii imetokana na kumbukumbu za matibabu hayo katika mtaa wa Karama, Dubai, ambako mwandishi aliishi na kutibiwa wakati wa miaka yake ya kazi. Karama ni mtaa mkongwe kwa umri wa Dubai. Majengo yake mengi ni mafupi, maduka chini na makazi juu, na wakazi wake ni watu wa mishahara ya kati na ya chini: Wahindi, Wapakistani, Wafilipino, na kati yao Wakenya, Waganda na Watanzania wanaopanga chumba kwa pamoja au kitanda kimoja tu. Kliniki za meno zimejaa humo, nyingi zikiwa juu ya mikahawa na maduka ya nguo, na kwa kuwa hazifungwi hadi usiku, mtu anayetoka kazini jioni huwahi kumwona daktari. Yaliyoshuhudiwa kwenye viti vya kliniki hizo yanafaa kuelezwa kwa utaratibu, maana ugonjwa wa fizi unawahusu wengi kuliko wanaojijua. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni moja duniani wana ugonjwa huo katika hali kali.

Jino halikuchomekwa kwenye mfupa kama msumari ukutani. Mzizi wake umezungukwa na nyuzinyuzi fupi ambazo upande mmoja zimeshika mzizi na upande wa pili zimeshika mfupa wa taya. Juu ya nyuzi hizo ufizi hulizunguka jino kama kola, na kati ya ufizi na jino hubaki kijishimo chembamba, ambacho kwa mtu mwenye afya kina milimita 1 hadi 3. Bakteria wa kinywani hukaa kwenye jino kwa utando laini unaoondoka kwa mswaki. Utando huo ukiachwa, madini ya mate huingia ndani yake, na katika siku chache hadi wiki mbili hivi huanza kuwa mgumu. Huo ndio ukoga. Hujijenga tabaka juu ya tabaka, mfano wa chokaa ndani ya birika la chai, na ukishakuwa mgumu mswaki hauwezi kuutoa. Madhara yake makubwa yanatokana na uso wake wenye mikwaruzo, ambao ni makazi mazuri ya bakteria wapya kila siku.

Hatua ya kwanza ya ugonjwa ni uvimbe wa ufizi peke yake. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi katika muda wa siku 10 hadi 21, na waliporudia kusafisha, fizi zilipona kwa wiki moja hivi. Jaribio hilo dogo lilithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba utando wa bakteria ndio chanzo, na kwamba hatua hii ya mwanzo hupona kabisa kwa usafi wa kawaida.

Hatua ya pili ni nyingine. Mwili ukipambana na bakteria kwa muda mrefu, mapambano yenyewe huharibu nyuzi za mzizi na kuyeyusha mfupa. Ufizi huachana na jino, kijishimo hugeuka mfuko wa milimita 4, 5, 6 au zaidi, na ndani ya mfuko huo hustawi bakteria wasiopenda hewa, kama Porphyromonas gingivalis. Mfupa uliokwisha kupotea kwa njia hii haurudi wenyewe. Lengo la matibabu ni kuuzuia usiendelee kupungua, na hapo ndipo usafishaji wa kina unapohitajika.

Si kila mwenye ukoga hufikia hatua hiyo. Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, watu wasiokuwa na huduma yoyote ya meno, kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Asilimia 8 waliharibikiwa haraka, asilimia 81 polepole, na asilimia 11 hawakuvuka uvimbe wa ufizi. Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1988, waliwapima watu wazima wa vijijini Machakos, Kenya, wakakuta ukoga karibu kwa kila mtu, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ukiwa umewaelemea wachache. Fundisho la tafiti hizo mbili ni kwamba kumtazama mtu meno hakutoshi kusema kama ni mgonjwa. Ni lazima apimwe.

Mwandishi alipimwa Karama kwa sababu nyingine kabisa: jino lililozibwa zamani lilikuwa limebanduka kizibo. Kabla ya kuliziba upya, daktari, mama wa Kihindi mwenye sauti ya upole, aliomba ruhusa ya kukagua fizi. Alitumia kipimio chembamba chenye alama za milimita, akakipitisha taratibu kuzunguka kila jino katika sehemu sita, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi. Msaidizi wake Mfilipino aliandika kila namba iliyotajwa. Mbele ya kinywa zilisikika mbili, tatu, mbili. Kwenye magego ya nyuma zikaanza kutoka tano na sita, na kila palipotajwa sita palitoka damu. Hapakuwa na maumivu wakati ule, wala siku zilizotangulia. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umeshuka katikati ya magego.

Fundisho la kwanza la siku ile ni kwamba maumivu si kipimo cha ugonjwa wa fizi. Jino lililooza humwamsha mtu usiku, lakini mfuko wa fizi waweza kuendelea kuchimbika kwa miaka mingi kimya. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika kwa daktari jino likiwa tayari linacheza, na wakati huo kung'oa huwa ndiyo njia iliyobaki. Dalili za mapema zipo, nazo ni za kuzingatiwa: damu wakati wa kupiga mswaki au kuuma tunda, harufu ya kinywa isiyoondoka, ufizi unaovimba au kurudi nyuma, na mianya mipya kati ya meno. Kwa Mwafrika kuna jambo la kuongeza. Vitabu vingi husema ufizi mzima ni wa rangi ya waridi na ufizi mgonjwa ni mwekundu. Ufizi mweusi au wa kahawia ni rangi ya asili ya watu wengi na si ugonjwa, ila wekundu hauonekani juu yake kwa urahisi. Kwao damu ni ushahidi bora kuliko rangi. Mvutaji wa sigara, shisha au dokha, ile tumbaku ya kiko kidogo inayovutwa sana katika Falme za Kiarabu, hana hata ushahidi huo, kwa sababu tumbaku hupunguza damu ya fizi na kuufanya ugonjwa uonekane mdogo kuliko ulivyo.

Matibabu yenyewe hayakuanza na vifaa. Daktari alimpa mgonjwa kioo na mswaki, akamtaka asafishe meno mbele yake. Alimwonyesha namna ya kuulaza mswaki pembeni hadi nyuzi zake ziguse ukingo wa ufizi, na namna ya kupitisha brashi ndogo katika kila mwanya ambao mswaki hauingii. Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la Madaktari wa Fizi wa mwaka 2020 unaiweka hatua hii mbele ya nyingine zote, pamoja na kuacha tumbaku na kudhibiti kisukari. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: mzizi uliosafishwa leo katika kinywa kisichosafishwa kesho utavaa utando uleule tena.

Hatua iliyofuata ni sindano ya ganzi. Kwa kawaida daktari hugawa kinywa katika sehemu, akatibu nusu moja siku ya kwanza na nusu ya pili siku nyingine, ili mgonjwa aondoke akiwa bado na upande wa kutafunia. Wengine humaliza kinywa chote kwa siku moja au mbili za karibu, na matokeo hayapishani sana. Ganzi ikishashika, huanza mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo ncha yake hutetemeka zaidi ya mara 25,000 kwa sekunde na kuvunjavunja ukoga huku maji yakiipoza na kuosha mfuko. Msaidizi hufyonza maji kwa bomba. Mgonjwa husikia mlio mkali na mgandamizo, lakini maumivu kwa sehemu kubwa huwa yamezimwa na ganzi.

Baada ya mashine huja vikwangulio vya mkono. Vinavyojulikana zaidi vina jina la Clayton Gracey, daktari wa Marekani aliyevibuni katika karne ya 20 kwa kukipa kila kimoja mpindo wake, ili kimoja kifae uso wa mbele wa gego na kingine uso wa nyuma. Kazi hii hufanywa zaidi kwa kuhisi kuliko kuona. Daktari hushusha kikwangulio hadi chini ya mfuko, hukivuta juu kwa pigo fupi, na kwa vidole vyake hujua kama mzizi bado una magamba au umekuwa laini. Zamani mizizi ilikwanguliwa hadi tabaka lake la nje kuondoka. Siku hizi madaktari hujizuia zaidi, kwani imethibitika kuwa kuondoa ukoga na utando kunatosha, na kuumega mzizi wenyewe hakuongezi faida.

Wazo la kukwangua ukoga ili kuokoa jino ni la kale. Al-Zahrawi, tabibu wa Córdoba katika Andalusia aliyeishi karibu na mwaka 1000, aliandika katika Kitab al-Tasrif juu ya kukwangua meno, akachora seti ya vikwangulio 14 vya maumbo mbalimbali, na akashauri kazi irudiwe siku nyingine ikiwa haikumalizika kwa mara moja. Katika karne ya 19 John Riggs wa Hartford, Marekani, alishikilia kuwa meno yanayocheza yanaweza kuokolewa kwa kusafishwa chini ya ufizi, hata ugonjwa wenyewe ukaitwa kwa jina lake. Huyu Riggs ndiye aliyemng'oa jino Horace Wells mwezi Desemba 1844 katika jaribio maarufu la gesi ya kuondoa maumivu. Aliyekuwa na ujuzi wa kung'oa bila uchungu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutetea kutong'oa.

Katika chumba cha kusubiria cha kliniki ile ya Karama alikaa siku moja mfanyabiashara wa makamo kutoka Mombasa, aliyekuja Dubai kununua bidhaa katika mtaa wa Deira. Alipoambiwa kwamba fizi zake zinahitaji kusafishwa kwa kina, alikataa, akamgeukia mwandishi kwa Kiswahili: "Mwanangu, huo ukoga ndio unaonishikia meno. Wakiutoa yatacheza yote." Hofu hiyo imeenea Afrika Mashariki, na aliyeishuhudia mara moja hawezi kuipuuza, kwa sababu ina asili yake. Ukoga mwingi huunganisha meno yaliyokwisha kulegea, na ukiondolewa mtu huhisi mtikisiko uliokuwa umefichwa. Uvimbe ukipungua, ufizi hujikunja, meno huonekana marefu, na mianya hutokea. Kilichopoteza mfupa ni ugonjwa wa miaka iliyopita, na usafishaji huonyesha tu hali ilivyo. Mara nyingi, ufizi ukishatulia, jino lililolegea kidogo hukaza tena. Daktari alimweleza mzee huyo hayo yote kwa picha ya eksirei yake mwenyewe, mwandishi akitafsiri, na mzee akakubali kuanza na upande mmoja. Fundisho la pili ni hilo: mgonjwa aelezwe kabla ya kuguswa kwamba ataona mianya na kuhisi ubaridi, ili asikimbie matibabu wakati yanapoanza kufanya kazi.

Baada ya ganzi kuisha, fizi huuma kidogo kwa siku mbili tatu, na dawa ya kawaida ya maumivu hutosha. Meno huweza kuhisi baridi kwa wiki kadhaa, na dawa ya meno ya kupunguza hisia hiyo husaidia. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi huleta nafuu. Dawa ya kusukutua ya kloroheksidini hutolewa kwa muda mfupi tu, maana ikitumiwa mfululizo huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Antibayotiki hazihitajiki kwa wagonjwa wengi, kwa sababu utando ulioganda kwenye mzizi huwakinga bakteria dhidi ya dawa, na kitu cha kwanza kinachouvunja ni kifaa. Matangazo ya leza huvutia, lakini mwongozo wa mwaka 2020 haukuishauri kuwa nyongeza ya matibabu haya. Mwenye pesa chache hapotezi kitu akikosa leza, mradi mizizi yake imesafishwa vizuri.

Kuna jambo ambalo usafishaji hauliondoi. Watu waliokulia Arusha, Kilimanjaro na sehemu za Bonde la Ufa zenye floridi nyingi katika maji huwa na meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo yamo ndani ya jino tangu lilipokuwa likijiumba, na hakuna kukwangua kutakakoyatoa. Wengine hutoka kliniki wakidhani wameibiwa pesa zao, hali walichotibiwa ni fizi na walichotaka ni weupe. Ni vyema mambo hayo mawili yatenganishwe tangu mwanzo.

Faida ya matibabu hupimwa kwa kipimio kilekile, miezi mitatu hivi baada ya kazi kumalizika. Kwa wastani mifuko hupungua kwa milimita 1 hadi 2, ile mirefu ikipungua zaidi, na damu hupungua sana. Mifuko iliyobaki na milimita 4 au 5 yenye damu husafishwa tena. Iliyobaki na 6 au zaidi huenda ikahitaji upasuaji mdogo wa kufungua ufizi ili mzizi usafishwe kwa kuonwa. Kwa mwandishi namba za magego zilishuka karibu zote hadi tatu na nne, isipokuwa sehemu moja kati ya mizizi ya gego la juu, ambayo brashi huifikia kwa taabu. Daktari alisafisha tena hapo peke yake, akabadilisha ukubwa wa brashi, na kuahidi kuipima kila ziara. Fundisho la tatu limo katika namba hizo: mkono wa daktari uligusa mizizi kwa saa chache, na mkono wa mgonjwa uliigusa kila asubuhi na kila usiku kwa miezi mitatu. Palipofikiwa na mikono yote miwili palipona.

Mgonjwa wa kisukari ana sababu ya ziada ya kutibiwa, nayo ni nzito katika nchi za Ghuba, ambako kisukari kimeenea sana. Sukari isiyodhibitiwa huongeza kasi ya ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa matibabu ya fizi hushusha kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa takriban alama 0.4 za asilimia katika miezi mitatu au minne. Kiasi hicho ni cha maana kwa mtu aliye kwenye dawa tayari.

Kikwazo kikubwa kwa mfanyakazi wa kawaida Dubai ni gharama. Sheria ya Bima ya Afya Na. 11 ya mwaka 2013 inamlazimu mwajiri kumlipia bima kila mfanyakazi, lakini bima ya msingi, ambayo ndiyo ya walinzi, wahudumu na wafanyakazi wengi wa mishahara midogo, kwa kawaida haitoshi kugharamia matibabu ya fizi ya kina. Hivyo bima hiyo yaweza kumfaa mtu aliyevimba shavu na kumwacha yule ambaye angezuiliwa asifike huko. Hilo ni pengo linalostahili kuzungumzwa na waajiri na balozi za Afrika Mashariki, kwani jino lililookolewa ni nafuu kuliko jino la bandia. Hadi pengo lizibwe, zipo njia: kuuliza kwa maandishi bei ya matibabu yote kabla ya kuanza, kuomba yafanywe sehemu baada ya sehemu kwa malipo ya awamu, na kuulizia nafasi katika Hospitali ya Meno ya Dubai, Dubai Healthcare City, umbali mfupi kutoka Karama, ambako madaktari wanaosomea ubingwa hutibu chini ya uangalizi wa walimu wao.

Aliyemaliza matibabu ya kina huendelea kuwa chini ya uangalizi. Kwa kawaida husafishwa na kupimwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, kwa sababu mfupa uliopungua humwacha katika hatari ya kurudiwa na ugonjwa. Hapa mhamiaji hupata shida ambayo mwenyeji haijui: mkataba huisha, viza hufutwa, na mtu hurudi Mombasa, Kampala au Dar es Salaam katikati ya uangalizi. Fundisho la mwisho la miaka ya Karama ni kuondoka na kumbukumbu za kinywa chako. Chati ya vipimo vya fizi na picha za eksirei ziombwe kliniki kabla ya safari, zihifadhiwe kwenye simu na kwenye karatasi. Daktari wa Muhimbili, wa Hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja au wa kliniki ya Nairobi akiwa na chati hiyo mkononi ataweza kulinganisha namba za leo na za wakati ule, akajua kama ugonjwa umesimama au unaendelea. Bila chati huanza upya, na mabadiliko ya milimita moja au mbili, ambayo ndiyo yanayotangulia kulegea kwa jino, hayataonekana. Mgonjwa naye amwombe daktari mambo matatu kwa maneno ya wazi: fizi zote zipimwe kwa milimita, mifuko yenye damu isafishwe hadi chini, na tarehe ya kurudi iandikwe siku hiyohiyo.